Mafuriko Hayajui Mpaka wa Bwawa

Barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Kyela inashuka takriban mita elfu moja kabla haijafika tambarare. Huko juu umeacha migomba, mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi. Huku chini unapokelewa na michikichi, mikakao iliyojificha kivulini, na majaruba ya mpunga yanayoendelea mpaka karibu na mchanga wa ziwa. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko wa mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na mji wa Kyela haukuinuka sana juu yake. Mtu akishuka huku na koti la Mbeya, koti huishia mkononi.

Kwa anayefuga samaki, mteremko huo ni mtaji. Perege na jamaa zake hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakipoa chini ya 20 hula kwa uvivu, na yakizidi kupoa hugoma kabisa. Mfugaji wa Njombe au wa Rungwe ya juu anaweza kufuata kila alichofundishwa, na bado baridi ikamcheleweshea mavuno kwa miezi. Wa Kyela hana tatizo hilo. Ana maji, ana joto, ana udongo mzito wa mfinyanzi unaoshika maji, ana pumba za mashine za mpunga. Ukiyaweka hayo kwenye karatasi, unaweza kujiuliza kwa nini wilaya nzima haijawa mabwawa matupu.

Sababu mojawapo huja kila masika. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikianguka Machi na Aprili, na mvua ya Rungwe, ya Busokelo na ya Ileje nayo haina pengine pa kwenda ila huku. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufika tambarare kwa nguvu, hukuta mteremko umekwisha, na hutapakaa. Songwe umehama mkondo mara kwa mara, na kwa kuwa katikati yake ndipo ulipo mpaka wa Tanzania na Malawi, serikali mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Maji yanayoweza kusogeza mpaka wa nchi hayawezi kuheshimu ukingo wa bwawa wenye kimo cha nusu mita.

Ndiyo maana nasema kwamba mbinu yoyote ya ufugaji iliyojaribiwa Kyela bila kuulizwa swali la Aprili imejaribiwa nusu. Mzani utakuambia samaki wako wamefikia uzito gani. Hautakuambia wameenda wapi maji yalipopanda.

*

Tanzania si mgeni wa mabwawa, wala si mgeni wa kuyaacha. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe mkoani Tanga na Malya upande wa Mwanza. Mwaka 1967 serikali ikazindua kampeni ya taifa ya kuhimiza ufugaji wa samaki, na takwimu za mwaka uliofuata zilihesabu mabwawa 8,000 nchi nzima. Baadhi yalikuwa na ukubwa wa mita za mraba 20, yaani chumba cha kulala. Yalichimbwa, yakajazwa maji, yakatiwa samaki, yakaachwa. Kampeni ilikufa kimyakimya.

Miaka karibu arobaini baadaye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitaja makadirio ya mabwawa 14,100 Tanzania Bara. Ruvuma ilikuwa na 4,942, Iringa 3,137, Mbeya 1,176, na wastani wa bwawa moja ulikuwa mita 10 kwa 15. Nyanda za Juu Kusini, basi, ndizo zilizoongoza, pamoja na baridi yake. Lakini tazama kilichohesabiwa: mashimo. Hesabu ya mashimo ni rahisi, na mwenye kuandika ripoti huipenda, kwa sababu shimo halikatai kuhesabiwa hata kama ndani yake mna vyura tu.

Jirani zetu wa Kenya walilirudia somo hilo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2009, katika mpango wa kuchangamsha uchumi, serikali ilipanga kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Kazi ya kuchimba iliwalipa vijana, na hilo si dogo. Ila ruzuku ya chakula na vifaranga ilipokoma, mengi yakageuka madimbwi. Sitaki kuwacheka. Mpango ulioanza na idadi, kabla ya kujua mbinu ipi inamfaa nani, usingeweza kuishia pengine.

*

Njia nyingine ilijaribiwa upande wa pili wa Ziwa Nyasa hilihili, na haijulikani sana kwetu. Kuanzia mwaka 1986 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa samaki iliyoitwa ICLARM, ambayo leo ni WorldFish, ilifanya kazi kusini mwa Malawi, kituo chake kikiwa Domasi karibu na Zomba. Mwanzoni walifanya kama wanavyofanya watafiti wote: mabwawa ya kituo, samadi ya kutosha, pumba za kutosha, mavuno ya kupendeza. Kisha wakaenda vijijini na kukuta kwamba mkulima hana samadi hiyo wala pumba hizo. Pumba za mahindi zina wenyewe, na katika miezi ya njaa wenyewe ni watu.

Watafiti kama Clive Lightfoot, Reg Noble na Randall Brummett wakageuza utaratibu. Badala ya kumpelekea mkulima mbinu iliyokamilika, walimwomba achore shamba lake: wapi kuna ng'ombe, wapi kuna migomba, mabua yanaenda wapi, majivu yanatupwa wapi. Wengine walichora chini, vumbini. Mchoro ukionyesha kitu kinachotupwa, swali likawa kama bwawa linaweza kukitumia. Na tope la bwawa, lenye rutuba, likaulizwa kama bustani inaweza kulitumia. Kila mkulima akajaribu kwake, kwa vya kwake, na mtafiti akabaki na kazi ya kupima na kulinganisha. Ushirika huo haukutoa kilo za kushangaza kwa kila bwawa. Ulitoa wakulima walioendelea kufuga mradi ulipoondoka, wakibadilisha mbinu kadiri shamba lilivyobadilika. Ukame ulipoikumba Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengine walilima mboga kwenye unyevu wa bwawa lililopungua maji, jambo ambalo mtafiti hakuwa amelipanga.

Kwa Kyela, hiyo ndiyo nakala ya kuanzia. Si kwa sababu Malawi ni karibu, bali kwa sababu ziwa ni lilelile, samaki ni walewale, na mfuko wa mkulima unafanana.

*

Kujaribu maana yake ni kuweka viwili kando kwa kando. Sentensi hiyo inaonekana nyepesi, na bado majaribio mengi ya vijijini huikosa. Mradi unampa mfugaji mmoja hodari chakula kipya, anavuna vizuri, na ripoti inasema chakula kipya ni kizuri. Huenda mfugaji ndiye aliyekuwa mzuri. Tofauti kati ya mfugaji anayepita bwawani kila alfajiri na anayepita siku ya kikao inaweza kuzidi tofauti kati ya vyakula vyovyote viwili.

Dawa yake ni kila mfugaji kuwa na mabwawa mawili yanayofanana, au bwawa moja lililogawanywa kwa wavu mzito katikati. Moja lifuate mazoea yake, lingine lifuate mbinu mpya, na shilingi irushwe kuamua lipi ni lipi. Kurusha shilingi huwashangaza watu, wasomi na wasio wasomi. Lakini asiporusha, kila mtu, mimi nikiwamo, ataipa mbinu mpya bwawa lililo karibu na nyumba.

Kisha kuna kupima. Chukua bwawa la mita za mraba 150 lenye samaki wawili kwa kila mita: vifaranga 300. Kila mwezi unakokota wavu, unatoa samaki 30 bila kuchagua wakubwa, unawapima pamoja ndani ya ndoo yenye maji ambayo uzito wake umeshaujua. Wakitimiza kilo moja na nusu, kila mmoja ana wastani wa gramu 50, na bwawa zima lina kilo 15 za samaki kama hawajafa. Ukilisha asilimia tatu ya uzito huo kwa siku, ni gramu 450 za chakula. Mwezi ujao hesabu inapanda. Mfugaji anayetupa kopo lilelile tangu siku ya kwanza hadi ya mavuno hulisha kupita kiasi mwanzoni, chakula kikaoza na kula hewa ya maji, halafu hupunja mwishoni, wakati samaki wanapotaka kunenepa. Jaribio la namna hii humfundisha mtu kupima hata kama mbinu mpya yenyewe itashindwa.

Vipo vipimo visivyohitaji mzani. Chovya mkono bwawani, kiganja kikiwa wazi. Kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, kijani cha maji kinatosha na samaki wana malisho ya asili. Kikionekana mpaka mwisho, ongeza samadi. Kikipotea kabla maji hayajavuka kifundo, acha samadi, kwa sababu usiku mimea hiyo midogo hugombea hewa na samaki, na alfajiri utawakuta wamepanda juu wakihema. Mfugaji anayejua hilo hahitaji kifaa cha kupima oksijeni ambacho mradi utaondoka nacho.

Na kuna jambo ambalo halipimwi kwa lolote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji muungwana hamkatishi mgeni tamaa. Mtafiti akifika na gari, posho na daftari, ataambiwa mbinu yake inakwenda vizuri. Wanyakyusa ni watu wa adabu ya salamu ndefu, na ndani ya adabu hiyo mna nafasi ya kutosha kuficha samaki waliokufa wiki iliyopita. Daftari la kila siku linapaswa kukaa kwa mfugaji, liandikwe na aliye nyumbani, mara nyingi mama au mtoto wa shule, na hasara ya jaribio ikubaliwe tangu mwanzo kuwa ni ya mradi. Asiyeogopa kulipishwa husema ukweli.

*

Chakula kwanza, maana ndicho kinachokula fedha nyingi kuliko kitu kingine.

Kyela ni jina la mchele kabla ya kuwa jina la wilaya, angalau kwa wanunuzi wa Dar es Salaam. Penye mchele pana pumba. Lakini pumba si kitu kimoja. Mashine nzuri hutenganisha ganda gumu la nje na unga laini wa ndani. Mashine za kijijini nyingi huvitoa pamoja. Ganda hilo ni kama mchanga tumboni mwa samaki: limejaa silika, halimeng'enywi, linachafua bwawa. Pumba laini zina protini ya asilimia 12 hivi. Zikichanganyika na maganda kiwango hicho huporomoka. Wafugaji wawili wanaosema wanalisha pumba wanaweza kuwa wanalisha vitu tofauti kabisa, na kuchekecha kwa chekeche la unga kabla ya kulisha ni mbinu inayostahili kujaribiwa kabla ya chakula chochote cha dukani.

Protini zaidi itoke wapi? Mashudu ya alizeti hupatikana Mbeya. Mashudu ya mbegu za mawese yako hapahapa, ingawa nyuzinyuzi zake ni nyingi. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza. Halafu kuna usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoanikwa mchangani Matema na kwingineko. Wakisagwa na kuchanganywa na pumba, samaki wa bwawani hukua upesi. Hapo ndipo neno endelevu linapoanza kudai malipo. Usipa ndio kitoweo cha nyumba isiyo na uwezo wa kununua samaki mkubwa. Ukiwanunua kwa magunia ili kumnenepesha perege wa kuuzia hoteli, umehamisha protini kutoka sahani ya mtoto kwenda sahani ya mgeni, na umeita maendeleo. Funza wanaofugwa kwenye takataka za jikoni na sokoni ni mbadala unaojaribiwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kwa joto la Kyela hawangekosa kustawi. Ila kulea funza ni kazi ya kila siku, na jaribio lihesabu saa za mama anayewalea pamoja na gramu za samaki.

*

Tatizo la pili ni uzazi. Perege jike hubeba mayai mdomoni, huyaatamia humo, na makinda wakitishwa hukimbilia humohumo. Ni ulezi wa ajabu, na ndio unaoharibu bwawa. Vifaranga 300 wa Juni huwa ukoo mzima ifikapo Desemba, wote wadogo, wote wana njaa.

Dunia imelijaribu tatizo hili kwa njia nyingi, na moja ina asili yake kwetu. Mnamo 1960 Mwingereza C. F. Hickling alichapisha matokeo ya majaribio yake ya Malacca: alimchanganya perege wa Msumbiji na perege aliyeletwa kutoka Zanzibar, na kizazi chote kikatoka madume. Kugundua kwamba samaki wawili wa Afrika Mashariki wanaweza kuzaa madume watupu kulifungua mlango mpana wa ufugaji, kwa kuwa dume hukua haraka kuliko jike. Siku hizi njia iliyoenea zaidi ni kulisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne. Inafanya kazi vizuri mahali penye maabara na uangalizi. Sioni ni nani wa kuisimamia nyuma ya nyumba huko Ngonga au Ipinda.

Kuna njia ya mikono. Samaki akifika gramu 20 hadi 30 mgeuze tumbo: dume ana matundu mawili nyuma, jike ana matatu. Anayejizoeza hujua haraka, ingawa hukosea baadhi, na jike watatu waliopenya wanatosha kukuharibia hesabu. Na kuna kambale. Kambale wa Ziwa Nyasa ni wenyeji, hustahimili maji machafu, hupumua hewa, na hula vifaranga vya perege bila kuagizwa. Akiingizwa akiwa mdogo kuliko perege uliowapanda, hula watoto na kuwaacha wakubwa. Kati ya njia zote hizi, perege na kambale pamoja ndiyo ningeiweka mbele kwa Kyela, kwa sababu haihitaji dawa wala fundi, na kwa sababu nyingine itakayoonekana hivi punde.

*

Samaki yupi?

Mfugaji yeyote aliyetembea au kusikiliza redio atajibu: sato. Sato wa Ziwa Victoria na wa mto Nile hukua haraka, anajulikana sokoni, na sehemu kubwa ya utafiti duniani imefanywa juu yake. Mwaka 1988 ICLARM na washirika wake walianza Ufilipino mradi wa kumboresha kwa kuchagua wazazi, wakikusanya mbegu kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali pamoja na za mashamba ya Asia. Baada ya vizazi kadhaa wakapata samaki anayekua kwa kasi isiyokuwapo kabla. Ukimpanda sato huyo kando ya perege wa asili wa Ziwa Nyasa, mzani utampa ushindi. Jaribio limekwisha, mshindi amepatikana.

Isipokuwa ni Kyela, na Aprili inakuja.

Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, mamia kwa mamia, na wengi hawapatikani popote pengine. Miongoni mwao ni chambo, jamii ya perege wakubwa wanaothaminiwa sana Malawi. Mwaka 2018 aina tatu za chambo ziliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa sababu ya uvuvi. Sato ni jamaa yao wa karibu, karibu kiasi cha kuweza kuzaliana nao. Sato akiingia ziwani hashindanii chakula na mazalio tu. Anaingia kwenye damu. Na hatoki.

Hilo si la kufikirika. Katika miaka ya 1950 sato na jamaa zake waliingizwa Ziwa Victoria, ambako ngege alikuwa ndiye samaki wa watu. Nyavu zilikuwa zimekwisha kumchosha ngege. Baada ya wageni akatoweka karibu kabisa katika ziwa lenyewe, akabaki katika maziwa madogo ya pembeni. Kwa upande wetu, mwaka 2013 Martin Genner wa Chuo Kikuu cha Bristol, Benjamin Ngatunga wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, na wenzao walichapisha taarifa kwamba sato ameshapatikana ndani ya bonde la Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, pamoja na mgeni mwingine, perege mdogo mwenye madoadoa meupe ambaye asili yake ni maziwa ya magharibi mwa Uganda. Huyu wa pili ni mkosi wa aina yake. Akiwa kifaranga hufanana na sato, kwa hiyo hujichanganya kwenye mifuko ya mbegu. Akikua hadumu kukua, huzaa mapema na kujaza bwawa. Mfugaji anayelalamika kwamba sato wake wamedumaa huenda hajawahi kuwa na sato. Na mtafiti aliyelinganisha vyakula juu ya vifaranga hao amelinganisha asichokijua.

Dokezo la njiani: katika milima ya juu ya Kyela kuna Ziwa Masoko, ziwa dogo la volkano. Mwaka 2015 wanasayansi walionyesha kwamba samaki wa jamii moja ndani yake wanagawanyika kuwa wawili, wa njano karibu na ufuko na wa buluu kwenye kina, mgawanyiko unaoendelea tukiutazama. Ndoo moja ya vifaranga vya mgeni, iliyomwagwa kwa nia njema, ingeweza kumaliza habari hiyo.

Malawi ilishikilia kwa miongo mingi katazo la kuingiza samaki wa kigeni ili kumlinda chambo, na wafugaji wake walinung'unika, kwa haki yao, kwamba wanashindanishwa na sato wa Zambia na wa China wakiwa wamefungwa mikono. Azimio la Nairobi la mwaka 2002 lilijaribu kuweka mizani ya bara zima kati ya samaki walioboreshwa na wale wa asili. WorldFish yenyewe ilikataa kwa muda mrefu kumrudisha Afrika samaki wake wa Ufilipino, na ilipobadili msimamo mwaka 2007 iliweka masharti. Lakini mito ya Kyela haijasoma masharti. Nchi mbili zinazochangia ziwa moja zikiwa na sera mbili, iliyo legevu ndiyo inayotawala.

Kwa hiyo ningepanga jaribio la Kyela hivi. Bwawa liwe na samaki ambao mafuriko yakiwachukua, ziwa halidhuriki: perege wa asili wa bonde hili, pamoja na kambale wa hapahapa. Kisha tuulize ni mbinu gani inamkuza huyo vya kutosha. Vya kutosha, si kuliko wote. Mama anayenunua kitoweo Kyela mjini hatafuti samaki wa kilo. Samaki wa gramu 150 au 200 anaingia sufuriani na bei yake inamezeka. Mbio za sato ni mbio za kufika uzito ambao soko hili halijauomba. Chambo naye angefaa kujaribiwa, kwa kuwa huchelewa kupevuka na hivyo hajazi bwawa upesi. Huko Malawi kilichomkwamisha ni kwamba huzaa vifaranga wachache.

Kalenda nayo ni mbinu. Panda Juni, maji yakishatulia. Vuna kuanzia Desemba, na bwawa liwe tupu kabla Machi haijafika. Shida ni kwamba katika tambarare maji ya ardhini yako karibu, na bwawa lililochimbwa chini ya usawa wake halikauki kwa kufungua bomba. Ukikokota wavu mara mbili bado utaacha makinda topeni. Kwa hiyo bwawa lijengwe kwa kuinua kingo badala ya kuzamisha shimo, na lisogezwe kuelekea mwinuko hata kama ni mbali na nyumba. Kuwalea samaki ndani ya majaruba, katika mfereji uliochimbwa pembeni ya mpunga, kunavutia, na Wachina wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka elfu. Lakini jaruba ndilo la kwanza kufunikwa na maji, na siku jirani akipuliza dawa ya wadudu hakuna wa kumlaumu.

Kinachokosekana ni mbegu. TAFIRI ina kituo Kyela, ila utafiti wa ziwa na uzalishaji wa vifaranga ni kazi mbili. Kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga kwa ukanda huu wa kusini kiko Ruhila, Songea, ng'ambo ya Milima ya Livingstone, na barabara inazunguka Njombe, Makambako na Uyole kabla ya kushuka Tukuyu. Mtu mwenye mabwawa mawili tu ya perege wa asili, aliyewachagua wazazi kutoka mto wa karibu na kumtoa kila mwenye mistari ya wima mkiani, kwa maana hiyo ndiyo alama ya sato, angeweza kuwahudumia wafugaji wa Ipinda hadi Matema. Bila yeye, mfugaji atanunua kwa yeyote anayepita na ndoo kwenye baiskeli, na mwenye ndoo haulizwi mikia.